Ukishaagwa, Rudi

Zuwena mwanangu,

Barua hii ntampa babako aitie mfukoni mwa kanzu yake, na nimemwapisha asikupe mpaka mtakapokuwa garini, mmeshapita kituo cha petroli cha mwisho mnapotoka Ibra. Usimlaumu kwa kukuficha. Na usianze kulia kwa kuona mwandiko wangu. Isome mpaka chini, maana huko chini kuna jambo nnalotaka ulifanye hapo hapo ulipo, si siku nyengine.

Nnaandika alasiri, umebakisha usiku mmoja tu katika nyumba hii. Weye na babako mmekwenda Sinaw kumuaga shangazi yako, na nnamjua shangazi yako, hawaachii mtu mpaka ale mara mbili, kwa hiyo wakati ninao. Bibi yako amekaa mkekani ukumbini, anafunga pilipili manga na ndimu kavu kwenye karatasi, na kila nikimpa mgongo anazisokomeza kwenye begi lako. Nimezitoa mara mbili. Atanishinda tu. Ukifika huko kwenye theluji, kwenye kazi yako mpya, ukakuta nguo zako zote zinanuka bizari, ujue nani wa kumpigia simu.

Mambo ya kusali kwa wakati, kula, kuvaa soksi juu ya soksi, hayo sikuandikii. Umeshaambiwa na kila mtu, hata mwenye duka la vitambaa kakuusia, ati usikae karibu na madirisha. Miye nna moja tu. Na unanijua, moja yangu huwa ndefu. Ukikuta neno hulijui muulize babako, usiliruke kama unavyoyaruka maneno ya bibi yako halafu ukaitikia "ndiyo bibi, ndiyo bibi" hujui hata umekubali nini.

Lilianza pale uliporudi kutoka skuli ya urubani. Tumekaa sote kwenye sinia la wali na nguru, babako akakuuliza theluji ina ubaya gani kwa ndege, mbona watu wa huko unakokwenda wanarusha ndege kila siku. Ukasafisha kisu cha mkate, ukakilaza kwenye kitambaa cha sufra. "Hii njia ya ndege, baba." Ukakinyunyizia chumvi. "Hii theluji." Kisha ukachukua kokwa ya tende ukaiweka mwanzo mwanzo, karibu na mpini. "Magurudumu lazima yawe yameshagusa kabla ya hapa. Tukivuka kokwa bado tuko juu, hakuna mazungumzo, tunanyanyua ndege, tunapaa tena, tunazunguka."

Babako akasema, "Na breki kazi yake nini?"

Ukacheka. "Baba, kwenye theluji iliyorowa breki unaikanyaga huku unaomba Mungu."

Ukatufahamisha kwamba iko nguvu ya injini inayorudishwa mbele ili ndege isimame, lakini mtu akishaifungua, khalas, hapai tena, analo hilo hilo mpaka mwisho. Kwa hiyo uamuzi wote uko kabla, pale penye kokwa. Nilikutazama unavyosema, mikono yako midogo ile inapanga kisu na chumvi, nikajiona nimezaa. Mashallah, nikasema moyoni.

Halafu ukatutolea mzaha wako. Ukasema siku moja ya mafunzo ulipavuka mahali pa kugusa, kokwa imebaki nyuma, na weye hukupaa. Unang'ang'ania kutua. Mwalimu akakunyang'anya usukani akanyanyua yeye, na mliposhuka akakuuliza kulikoni, kwani hukuona? "Nikamwambia niliona," ukasema, "lakini nilimsikia mama yangu sikioni: tumeshaagwa, hatugeuzi!" Tena ukaniigiza sauti na pua.

Mkacheka nyote. Bibi yako alicheka mpaka miwani ikadondoka kwenye mchuzi. Miye nilicheka mdomo tu. Tonge langu nikalirudisha kwenye sinia.

Maana sauti ile ni yangu kweli, Zuwena. Hukuizua.

Unavijua vya nyumbani kwetu. Mtu akishaagwa, akishafukizwa ubani na kusomewa Fatiha, akishavuka kizingiti, hageuki. Kasahau kiatu, kasahau pochi, kasahau dawa, hageuki. Anatumwa mtoto kukimbilia nacho barabarani, na msafiri anakipokea kwa dirishani huku anatazama mbele. Bibi yako alikuja na jambo hilo kutoka Unguja, akalitia humu nyumbani, na miye nikalitunza kuliko yeye. Weye siku ya mtihani wako wa darasa la sita ulisahau miwani ukataka kurudi, nikakupigia ukelele mlangoni kana kwamba nimeona nyoka. Ukafanya mtihani huoni ubao. Ukapasi, basi miye nikajisifu mji mzima kwamba ni kwa sababu hukurudi. Ujinga huo!

Na ile safari ya Sur unaikumbuka? Ulikuwa na gauni la manjano. Tunakwenda harusi ya binti wa mama mdogo, nyuma ya gari kuna sahani za halwa na vitumbua, bibi yako ameshatufukiza mpaka gari zima linanukia. Mvua imenyesha milimani, na tulipofika penye wadi, lile bonde la mto mkavu, tukakuta maji yanapita juu ya barabara, ya rangi ya chai ya maziwa. Magari yamejipanga. Vijana wamesimama kando na simu zao wanapiga video. Babako akazima injini, akashuka, akatazama muda, akarudi akasema, "Tunarudi Ibra."

Nilimwambia maneno siku ile ambayo sitayaandika. Nilimwambia watu wanatungoja, chakula kimepikwa kwa hesabu yetu, watasema nini? Nilimwambia tumeshaagwa. Nilimwambia, tena mbele yako, kwamba mwanamme mwengine angepita. Ikatokea pikapu moja ikapita kweli, vijana wakashangilia, na miye nikamwambia, "Umeona?" Babako akawasha injini. Akageuza gari pole pole, akaturudisha, na miye sikusema naye njia nzima, wala kesho yake, wala kesho kutwa.

Maji yalipopungua tukaambiwa pale tulipokuwa tupite palikuwa pamechimbika, zege limeondoka, shimo la kuingia gari zima. Unajua nilimwambia nini babako? Sikumwambia kitu. Nilimpikia maandazi. Kwangu miye hiyo ndiyo radhi, na yeye akala akaridhika, mwanamme wa watu. Lakini weye ulikuwa na miaka yako saba nyuma ya kiti, na weye hukupewa maandazi ya kukufahamisha. Ulichokiona ni kwamba baba kageuza, mama kakasirika. Ukakiweka. Watoto wanaweka kila kitu isipokuwa sandali mahali pake.

Na la kuniumiza zaidi ni hili: siku ile ya wadi nilikuwa nimeshaonyeshwa. Nimeonyeshwa zamani, weye hujazaliwa.

Bega langu la kushoto unalijua, unalikanda weye mwenyewe kila baridi ikiingia. Unajua niliumia kwenye ndege nilipokwenda kumtazama mjomba wako Nassor, huko huko unakokwenda. Zaidi ya hapo nilikuwa nikikukata, "ndege iliteleza, alhamdulillah tumetoka," basi. Sasa isikie yote.

Ndege ya mwisho ilikuwa ndogo, ile ya kunifikisha mji anaokaa mjomba wako. Karibu yangu alikaa bibi mmoja wa huko, mweupe wa nywele, akanipa peremende na akanifunga mkanda vizuri kama mwanawe. Dirishani nje ni nyeupe tupu, hujui ipi mbingu ipi ardhi. Tukateremka, tukateremka, nikaona taa za chini, nikasema haya, tumefika. Mara injini zikanguruma, tukapanda juu tena.

Lo! Watu waliguna, Zuwena. Ndege nzima iliguna kwa sauti moja. Mwanamme nyuma yangu alitupa gazeti lake. Na miye nikasema kwa sauti, sijali nani anasikia, "Astaghfirullah, tumerudishwa, kisirani gani hiki!" Nilimfikiria mjomba wako chini anayenisubiri na birika la kahawa na tende na halwa, kwani alikuwa ameshaniambia kwa simu atakuja na fuala yote, hiyo takrima yetu, mpaka uwanjani ili nisijione mgeni. Rubani akatangaza kwamba theluji imezidi, atajaribu tena. Nikainua mikono nikaomba. Sikuomba salama. Niliomba, "Ya Rabbi, mteremshe, asitugeuze tena."

Mara ya pili tukagusa. Watu wakapiga makofi, na miye nikapiga. Nilipiga makofi, mwanangu, na ndege bado inakwenda.

Siku zile sikujua kitu cha kokwa ya tende. Nilichokijua ni kwamba makofi yalikatika yenyewe, mmoja mmoja akanyamaza, kwa sababu hatupunguzi mwendo. Hakukuwa na kelele ya mipira ya magurudumu, ndicho kilichonitisha. Unakumbuka ulivyokuwa ukiteleza uani siku za kuosha vigae kwa sabuni, unajua utagonga ukuta na huna la kushika? Ndivyo. Taa za mwisho zikatupita. Kisha kishindo, begi likashuka kutoka juu likanikuta begani, na baridi ikaingia kutoka mahali ambapo haikutakiwa kuingia.

Hakufa mtu. Yule bibi wa peremende alivunjika nyonga. Walipomtoa alikuwa bado kanishika kidole.

Rubani alikuja kututazama hospitali. Alikuwa kijana, pengine si mkubwa kuliko weye sasa, kofia kaikunja mkononi kama kitambaa cha kufutia vyombo. Wenzake walikuwa hawataki aje, nadhani, maana alitazama mlango kila mara. Akakaa kwenye kiti baina ya kitanda changu na cha yule bibi. Nikamuuliza kwa Kiingereza changu cha skuli, "Kwani hukuona?"

Akasema aliona. Alijua amepita mahali pa kutua, na mkono wake ulikuwa tayari pale pa kunyanyulia ndege. "Lakini nilikuwa nimeshawageuza mara moja," akasema, "nikasikia mlivyoguna. Nikaona haya kuwageuza tena."

Haya, Zuwena. Neno hilo hilo linalotukataza sisi kugeuka. Nilidhani haya ni mali yetu sisi, tumeibeba Unguja tukaileta Oman, kumbe iko hata kwenye theluji.

Nikamwambia, "Mmoja wa walioguna ni miye."

Akatikisa kichwa. "Wewe ni abiria, una haki ya kuguna. Kugeuza ilikuwa kazi yangu."

Kisha akaondoka, sikumuona tena. Mjomba wako akaja na ile kahawa, imeshapoa, nikainywa ikiwa baridi huku nnalia, yeye anadhani ni bega. Nikaapa nitakuwa mtu mwengine. Wapi! Bega lilipona kabla ya mdomo. Nikarudi Ibra, nikakuzaa, na nikakutia masikioni yale yale.

Ndiyo maana uliposema unataka urubani nilikataa mwezi mzima. Mlidhani naogopa ndege. Babako peke yake ndiye aliyeniuliza, "Unaogopa ndege au unaogopa ulichomfunza?" Nikamwambia anyamaze. Amezoea.

Sasa nikuambie ninavyotaka miye, na usinione nahubiri, maana mhubiri huwa kashika njia mwenyewe kwanza. Huko utakaa kiti cha rubani msaidizi. Karibu yako atakaa mtu mzima, pengine wa umri wa babako, aliyetua kwenye theluji miaka mingi kabla hujajua kuvaa viatu. Nimekulea useme shikamoo kwa kila mwenye mvi, umsubiri amalize, usimkate mkubwa neno. Nimekulea vizuri na sijuti. Lakini humo ndani, kokwa ikibaki nyuma na magurudumu bado yako juu, yeye kanyamaza, usimwambie "samahani, unaonaje labda". Mwambie paa. Asiposikia, mwambie tena kwa sauti yangu, ile yenye pua. Mkishatua salama mbusu mkono, muombe radhi, mpikie maandazi. Juu huko usimtunzie heshima.

Abiria wataguna. Waache wagune. Wanangojewa na watu na kahawa inapoa, wana haki yao. Na wakigeuzwa mara ya pili, na ya tatu, mkaenda kulala mji mwengine kabisa, watakutukana mpaka kwenye basi. Utasikia vibaya. Miye nakwambia utasikia vibaya sana, mashavu yatawaka, kwa sababu weye ni mwanangu na damu yetu haipendi kutazamwa ikirudi. Haya haitoki, mwanangu, nimejaribu. Lakini mkono unaweza kufanya kazi hali uso una haya. Babako alifanya hivyo penye wadi, na nyuma yake kakaa mke anayemwita si mwanamme.

Nimefikiri sana namna ya kukutoa sauti ile sikioni. Kukwambia tu haitoshi. Nilikutia kwa vitendo, mlangoni, kwa ukelele, basi na kuitoa ni huko huko mlangoni. Kwa hiyo leo, kabla ya kuandika, nilikwenda ukumbini kwa bibi yako.

"Mama, kesho Zuwena atarudi njiani."

"Kasahau nini?"

"Hajasahau. Nnamrudisha miye."

Akaweka ndimu zake chini. "Umerukwa na akili? Mtoto kaagwa, kafukizwa, kasomewa, unamrudisha? Huoni kama ni mkosi?"

"Nnaona. Lakini mkosi ntauvumilia, mama. Jeneza la mwanangu sitalivumilia. Lazima aone kwamba karudi na sisi tumefurahi. Japo mara moja aone."

Akazirudia ndimu zake, Zuwena. Akafunga ndimu moja, akafunga ya pili. Unamjua, miaka thamanini na zaidi hajageuka nyuma kwa lolote; nyumba yao ya Unguja aliitoka asigeuze hata shingo. Machozi yakamshuka, akayafuta kwa ncha ya kanga.

"Mie nilitamani kurudi siku ile," akasema. "Hakuna aliyeniambia inafaa."

Hajawahi kunambia neno hilo maisha yangu yote. Nikakaa karibu yake tukafunga ndimu pamoja. Kisha akajipangusa pua, akawa yeye tena. "Basi aingie kwa mguu wa kulia. Akae kitako, anywe maji. Na atakayemuaga mara ya pili ni mie, si weye. Weye dua zako za haraka haraka."

Kwa hiyo sikiliza. Zile glavu zako nzito, zenye manyoya ndani, alizokuletea mjomba wako, hazimo begini. Nimezitoa miye nilipokuwa natoa pilipili. Ziko juu ya friji. Babako anajua, ndiyo maana atakuwa kakuhimiza mtoke mapema na weye, nnakujua, utakuwa umenuna. Muda upo wa kutosha, ndege hutaikosa.

Unaposoma hapa tumeshakuaga mlangoni, majirani wote wameona. Watakuona na ukirudi, na mama wa nyumba ya pili atauliza kulikoni, na uso utawaka. Uwake. Ndiyo kwanza ujifunze unavyowaka.

Hapo ulipo sasa ndipo penye kokwa. Kunja karatasi. Usimuombe babako, mwambie, kwa sauti: "Baba, geuza."

Miye nimesimama mlangoni na gilasi ya maji.

Mamako